Kwa Nini Timu ya Mtaa Hukamilika Jumatano

Nyuma ya nyumba tuliyopanga, huku Mabatini jijini Mwanza, pana kijiuwanja kilichobanwa kati ya majabali mawili. Goli la upande wa chini ni mawe mawili ya kawaida. La upande wa juu lina jiwe moja tu, kwa kuwa nguzo ya pili ni jabali lenyewe, na mpira ukiligonga hurudi uwanjani kana kwamba umepigwa na mchezaji wa kumi na mbili. Hapo watoto hucheza chandimu kila jioni. Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini mechi kubwa, ile ya kushindana na watoto wa mlima wa pili, hupangwa Jumatano. Nilidhani ni mazoea tu. Siku moja nikamuuliza kapteni wao, kijana wa miaka kumi na moja, naye akanihesabia kwa vidole taratibu, kama anayemfundisha mtu mzima kusoma saa.

"Ijumaa Wasabato wanaitwagwa ndani jua likianza kuzama, baba. Jumamosi hawatokagi mpaka giza liingie. Jumamosi hiyohiyo Wakatoliki wanaendaga mafundisho ya komunyo. Jumapili usiseme. Jumatatu na Jumanne kipa wetu ana madrasa ya jioni, Alhamisi tena. Jumatano ndiyo ustadh wao hafundishagi."

Hakutaja amani wala umoja. Alikuwa anapanga kikosi.

Sisi wakubwa tukiwaona wamekaa pamoja juu ya jiwe, mmoja na kofia yake ya madrasa, mwingine na rozari shingoni, hupenda kusema, "Watoto hawajui dini." Tunasema kwa kusifu, kana kwamba wanaelewana kwa sababu hawajafunguka macho. Lakini yule kapteni alijua ratiba ya ibada ya mtaa mzima kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Alijua nani hali nini, nani amefunga, nani haruhusiwi kugusa mbwa. Kwa hiyo swali linageuka. Kama wanazijua tofauti zao vizuri namna hii, wanaelewana kwa njia gani? Na kwa nini kuelewana huko mara nyingine huvunjika kwa siku moja?

Paka anaweza kuwa Mkatoliki?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, aliwahoji watoto wa Kiyahudi, wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti kuhusu dini zao. Swali lake moja lilikuwa la kuchekesha: je, paka au mbwa anaweza kuwa Mkatoliki? Hakujali sana kama mtoto angejibu ndiyo au hapana. Alitaka kusikia sababu. Watoto wa miaka mitano na sita waliichanganya dini na mambo mengine, kama taifa la mtu au jina lake. Wale wa miaka saba hadi tisa hivi waliitambua dini kwa matendo: paka hawezi, kwa sababu haendi kanisani. Ni kuanzia miaka kumi au zaidi ndipo mtoto alianza kusema kwamba dini ni kile mtu anachokiamini moyoni.

Nikikaa barazani jioni naona jambo lilelile kwa watoto wetu. Kwa mtoto wa darasa la pili, dini ni viungo vya mwili na saa za siku. Ni kuvua viatu mlangoni, kutawadha, kupiga magoti, kufunga kitambaa kichwani, kukaa ndani Jumamosi. Mwenzake ni Mwislamu kwa sababu anakwenda madrasa, kama vile mwenzake mwingine ni mtoto wa fundi viatu kwa sababu baba yake hushona viatu. Hakuna cha kubishania hapo. Mimi naenda huku, wewe unaenda kule, tukirudi tucheze. Ugomvi wa dini unahitaji madai mawili yanayopingana, na mtoto wa umri huo hana madai. Ana ratiba, na ratiba mbili zinaweza kupangwa zikakaa pamoja.

Madai huanza kuingia miaka kumi na kuendelea, pale mtoto anapoanza kuuliza nani yuko sahihi. Huo ndio umri wa kuangaliwa, na nitaurudia. Lakini hapa kwetu anapofika huko huwa tayari ana miaka mitano ya kombolela, gololi na kuteleza kwenye mawe pamoja na wale anaoanza kuwatilia shaka. Hoja inamkuta ana marafiki.

Walivyofika kupanga nyumba moja

Haya hayatokei kila mahali, na hayatokei kwa sababu watu wa Mwanza ni wema kuliko wengine. Kuna sababu zake, na nyingi ni za kihistoria.

Dini zote mbili kubwa zilifika huku zikiwa ngeni, zikawakuta wenyeji wenye ibada zao za wahenga. Kageye, ufukweni, katika wilaya ya Magu ya leo, kilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani kabla mpelelezi Stanley hajafika hapo mwaka 1875. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Ukerewe 1877. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, wakajenga Bukumbi, kusini mwa mji huu, mwaka 1883. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 ilileta makuli, makarani, mafundi na wachuuzi wa kila namna. Matokeo yake ni kwamba katika ukoo mmoja wa Kisukuma unaweza kukuta babu aliyebatizwa misheni, mdogo wake aliyekwenda kufanya kazi mjini akarudi na kanzu, na bibi aliyeendelea kuwatambikia wahenga huku akiwapikia wote wawili. Mstari wa dini ukapita katikati ya koo badala ya kupita kati yake. Ukiambiwa mtoto anaitwa Musa, au Mariamu, au Yusufu, na jina la babaye ni Masanja, bado hujajua anaswali au anasali wapi. Na wapo waliooana bila kubadili dini, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya kiserikali kati ya watu wa imani mbili. Watoto wa nyumba hizo wana bibi wa Idi na bibi wa Krismasi, na wengine huwaonea wivu.

Halafu shule. Wakati wa mkoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na watoto wengi wa Kiislamu walibaki nje au waliingia kwa wasiwasi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za mashirika ya dini mikononi mwa serikali, na mtoto akaanza kupokelewa bila kuulizwa anaabudu wapi. Ndiyo maana mtu wa rika langu, aliyesoma shule ya msingi ya serikali, hawezi kukumbuka dawati lililokuwa la dini moja. Tulichokuwa nacho ni kipindi cha dini. Kengele inalia, darasa linagawanyika: hawa kwa ustadh chini ya mwembe, hawa kwa katekista, hawa kwa mwinjilisti. Kipindi kikiisha tunarudi kwenye dawati lilelile na kuazimana kifutio kilekile. Kila nikifikiri naona kile kipindi kilikuwa somo kubwa kuliko yaliyofundishwa ndani yake. Shule ilitamka tofauti zetu kwa sauti, mbele ya wote, bila aibu wala kunong'ona, kisha ikaturudisha kwenye hesabu.

Serikali yenyewe iliamua kutotuhesabu kwa dini. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza swali hilo. Kabla ya sensa ya 2012 baadhi ya Waislamu walidai lirudishwe, wengine wakagoma kuhesabiwa, lakini halikurudi. Kwa hiyo ukiulizwa katika wakazi takriban milioni 3.7 wa mkoa wa Mwanza waliohesabiwa mwaka 2022 Wakristo ni wangapi na Waislamu ni wangapi, hakuna namba rasmi ya kujibu. Uamuzi huo una hasara zake, na wanaoulalamikia wana hoja. Kwa mtoto, faida ni kwamba hajawahi kusikia redioni kuwa yeye ni wa wengi au wa wachache.

Na mawe nayo yamechangia. Mabatini, Igogo, Isamilo, nyumba zimepandana juu ya majabali, ngazi ya mmoja ikipita mbele ya jiko la mwenzake. Huwezi kujenga ukuta pasipo na nafasi ya ukuta. Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na bomba moja, mama anayesoma Salamu Maria na mama anayevuta uradi hukutana uani saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja na ndoo yake, na watoto wao huanza kuzoeana kabla hawajajua kutembea.

Lugha imemaliza kazi. Kanisa na msikiti huku vinatumia maneno ya mfuko mmoja: Mungu, imani, dhambi, malaika, nabii, sadaka, sala na swala. Salamu ya mtoto kwa mkubwa ni shikamoo, na shikamoo haina dini. Anayemjua mwenye nyumba kuwa Mlokole anaweza kuongeza "Bwana asifiwe," anayemjua kuwa Mwislamu anaweza kuongeza "asalamu aleikum," lakini halazimiki. Na wakati wa ubishi kama mpira umeingia golini au umepita juu ya jiwe, utamsikia mtoto wa mchungaji akiapa "wallahi" na mtoto wa ustadh akiapa "haki ya Mungu." Wazazi wote wawili hawapendi, ila si kwa sababu ya dini. Hawapendi mtoto kuapa.

Sato, kambale na nyama

Panapokwama wakubwa wengi ni kwenye chakula, kwa hiyo nilikuwa na hamu ya kuona watoto wanapitaje hapo.

Wanapitia ziwani. Katika sheria ya Kiislamu samaki hahitaji kuchinjwa, hivyo sato, sangara na dagaa ni chakula ambacho hakiulizwi kimechinjwa na nani. Watoto wakicheza kupika, na huku kupika kwao ni kupika kweli, kwenye kopo juu ya mafiga matatu, hutaona nyama. Utaona dagaa wachache waliotoka jikoni kwa mama mmoja, michembe ya mama mwingine, mafuta yaliyokuja ndani ya kifuniko cha chupa. Wanakula wote. Siku moja wavulana wakubwa walirudi kutoka ziwani na kambale, mumi kama wanavyomwita wengine, wakamkata vipande na kumbanika. Mtoto mmoja Msabato akasogea kando bila kusema kitu. Kambale hana magamba, na Wasabato hushika agizo la kitabu cha Walawi la kula samaki mwenye mapezi na magamba tu. Kabla sijafikiri niseme nini, binti mmoja mwenye hijabu, wa miaka kama tisa, akamkatia yule mwenzake kiazi kikubwa kuliko vyote. Akawaeleza wengine kwa kifupi, "Huyu ni kama mimi na kitimoto." Wakaendelea kula.

Sentensi ile niliitafakari siku nyingi. Yule binti hakusema mwiko wa mwenzake ni wa kweli wala si wa kweli. Alichukua mwiko wake mwenyewe, ambao anaujua uzito wake, akaupima wa mwenzake kwa huo. Wengi tunadhani mtoto mwenye dini nyepesi ndiye atakayeheshimu ya mwenzake. Pale aliyeelewa upesi zaidi alikuwa yule mwenye masharti.

Nyama ni habari nyingine. Desturi ya miaka mingi Tanzania ni kwamba nyama ya buchani huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu aweze kununua. Desturi hiyo haikuandikwa popote watu wanapoweza kuisoma wote, ilikuwa makubaliano ya kimyakimya. Mwanzoni mwa mwaka 2013 makubaliano hayo yalitikisika Kanda ya Ziwa. Baadhi ya Wakristo wakahoji kwa nini wao wasichinje, na Februari mwaka huo, huko Buseresere mkoani Geita, vurugu zilizuka na mchungaji akauawa. Kutoka hapa ni safari ya saa chache tu. Nakumbuka wiki ile akina mama uani walipunguza kuongea. Watoto waliendelea kucheza, lakini walikuwa wanatutazama sisi usoni kila tulipotazamana.

Siwalinganishi wale waliogombana Buseresere na watoto wanaopika dagaa. Suala la kuchinja lilikuwa na fedha ndani yake, na mamlaka, na malalamiko ya zamani. Ninachoonyesha ni kwamba makubaliano ya kimyakimya huvunjika kirahisi, kwa kuwa siku yakihojiwa hakuna anayekumbuka sababu yake. Watoto, kwa upande wao, hutamka. "Huyu hali hiki." "Huyu Jumamosi hayupo." Yanasemwa, yanasikika, yanazoeleka.

Kambi ya Oklahoma na watani wa jadi

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichukua wavulana 22 wa miaka kama kumi na moja akawapeleka kambini katika jimbo la Oklahoma. Hawakujuana. Wote walikuwa Waprotestanti, weupe, wa familia zinazofanana. Aliwagawa makundi mawili, akawapa mashindano na zawadi. Ndani ya siku chache walikuwa wanachoma bendera za wenzao na kuvamiana vibandani. Hakukuwa na tofauti ya dini hata chembe. Kilichowagombanisha ni kugawanywa, kupewa jina, na kugombea kitu ambacho kikichukuliwa na mmoja mwingine anakosa. Kilichowapatanisha hakikuwa mahubiri wala kula pamoja tu. Ni kazi ambazo kundi moja lisingeweza peke yake, kama kutafuta kwa nini maji ya kambi yamekatika.

Kisichosimuliwa sana ni jaribio la mwaka mmoja kabla, 1953, ambalo lilimshinda. Safari ile wavulana walipewa nafasi ya kuzoeana kabla ya kugawanywa. Walipogawanywa na kuchokozwa, wakakataa kugombana, na wakaanza kuwashuku watu wazima. Nikisoma hivyo nauona uwanja wetu wa majabali. Atakayetaka kuwagawa watoto hawa amechelewa.

Mwaka huohuo wa 1954 Mmarekani mwingine, Gordon Allport, alieleza masharti ambayo yakitimia, watu wa makundi tofauti wanaokutana hupunguza chuki: wawe na hadhi sawa wanapokutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wakubwa wao waunge mkono. Kukutana tu hakutoshi. Mtumishi wa ndani hukutana na tajiri wake kila siku. Kwenye chandimu masharti yote manne yapo: kipa ni kipa awe amefunga Ramadhani au Kwaresima, goli ni la wote, na mama yupo dirishani anaangalia bila kukataza.

Lakini kuna kitu ambacho naona wataalamu hao wangekifurahia kama wangepita Mwanza: wingi wa mistari inayokatana. Watoto wetu wamegawanyika sana, ila hawajagawanyika mara moja. Kuna Simba na Yanga, na ubishi huo ni mkali kuliko wa dini yoyote. Kuna mlima wa juu na mlima wa chini. Vijijini wako Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo hushindana kila mwaka kwenye tamasha la Bulabo kule Bujora, kila kimoja kikiwa na waganga wake na mbwembwe zake. Leo mtoto wa Kiislamu wa Yanga anaungana na Mlutheri wa Yanga kumzomea nduguye wa tumbo moja aliye Simba. Kesho mlima wa chini unacheza na mlima wa juu, na wote watatu ni timu moja. Mtu uliyemzomea jana unamhitaji leo akupe pasi. Chuki inapata shida kukua mahali ambapo maadui hubadilika kila siku. Hatari huja pale mistari yote inapolala mmoja juu ya mwingine: dini moja, mtaa mmoja, shule moja, kipato kimoja, timu moja.

Ubishi wa watoto ukichukuliwa na wakubwa

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili wa dini tofauti walibishana kuhusu Kurani: je, mtu akiivunjia heshima atapatwa na jambo la ajabu? Ubishi ukaishia mmoja kuikojolea. Mtoto yule alikamatwa. Umati ukataka akabidhiwe, haukukabidhiwa, na makanisa kadhaa yakashambuliwa na kuchomwa.

Kitendo kilikuwa kibaya, na Mwislamu aliyeumia moyoni ana haki ya kuumia. Lakini tazama ubishi wenyewe ulivyokuwa. Ni ubishi wa watoto wa umri uleule wa Elkind, pale matendo yanapoanza kugeuka madai, na mtoto anataka kupima kama yanayosemwa ni kweli. Kila mtaa una ubishi kama huo kila wiki: ukimeza mbegu ya chungwa mti utaota tumboni, ukiruka kaburi utakufa. Kama angetokea mkubwa mmoja katika dakika tano za kwanza, mama mwenye nyumba tu, akawashika masikio wote wawili na kuwapeleka kwa wazazi wao, ungeishia kwenye viboko na kuombana radhi. Haukumkuta mkubwa wa namna hiyo. Ulikutana na hasira za watu wazima zilizokuwa zikisubiri sababu.

Ndiyo maana nasema umri wa miaka kumi hadi kumi na nne ndio wa kukaa nao karibu. Kwetu hapa swali lililozuka lilikuwa la motoni. Mtoto mmoja alirudi nyumbani akilia: mwenzake amemwambia atachomwa moto kwa kuwa hajabatizwa. Wiki mbili baadaye ikawa zamu ya mwingine kuitwa kafiri. Baba wa kwanza alikasirika akataka kumkataza mwanawe kucheza. Mama mwenye nyumba, Mwislamu mtu mzima ambaye amewapangisha watu wa kila dini, akawaita watoto wote wawili jikoni akawauliza nani amemkabidhi funguo za moto. Wakakosa jibu. Akawapa ufagio, wakafagia ua. Sijui kama ni elimu ya dini, ila neno lile halikusikika tena.

Wazazi wengine hofu yao ni tofauti, na siidharau. Mtoto anarudi anajua kukariri Fatiha, au ameanza kufanya ishara ya msalaba kabla ya kula. "Watamchukua," mama anawaza. Uzoefu wa mtaani ni kwamba mtoto wa miaka saba huiga sala kama anavyoiga wimbo. Anachohitaji ni kuambiwa bila ukali: hiyo ni ya akina fulani, yetu ni hii. Ibara ya 14 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inatambua uhuru wa mtoto wa dini pamoja na haki ya mzazi kumwongoza. Ibara ya 31 ya mkataba huohuo inatambua haki ya kucheza. Nimezipenda zilivyokaa humo zote mbili.

Mwaka 2025 tulipata mtihani mzuri. Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia Machi 5, kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa kwenye mfungo wa aina mbili kwa wakati mmoja. Watoto wa Kiislamu, wengi wakifunga nusu siku, walikuwa wakikaguana ulimi: toa ulimi tuone kama ni mweupe. Watoto wa Kikatoliki wakadai nao wamefunga, wakatoa ndimi, zikakutwa na rangi ya barafu ya ukwaju. Kesi ikaendeshwa hapohapo juu ya jiwe. Utetezi ulikuwa kwamba wao wamefunga nyama siku ya Ijumaa, na barafu si nyama. Hukumu: utetezi umekubaliwa, lakini barafu ikaliwe nyuma ya nyumba, isionekane na waliofunga. Sikuwaambia neno. Magharibi adhana ilipolia wote walikimbia makwao, maana hata akina mama wa Kikristo hapa huitumia adhana hiyo kama saa ya mtoto kurudi kuoga.

Ninachokiogopa zaidi ya ubishi wa motoni ni kwamba nafasi za kubishana zinapungua. Tangu miaka ya 1990 shule binafsi zimeongezeka, nyingi za makanisa na taasisi za Kiislamu, na nyingi ni nzuri kweli. Basi la njano linamchukua mtoto saa kumi na moja na nusu alfajiri, linamrudisha jioni amechoka, na wenzake wa siku nzima ni wa imani yake. Huko Buhongwa na Nyegezi, kwenye viwanja vilivyopimwa, watu wanajenga kuta, na nyuma ya ukuta mtoto ana simu. Ndani ya simu kuna vipande vya mihadhara ya kulinganisha dini, dakika mbilimbili, mzungumzaji mmoja akimdhalilisha asiyekuwepo kumjibu. Mtoto huyo atakutana na Uislamu au Ukristo wa mwenzake kwa mara ya kwanza ukiwa hoja, hajawahi kuuona ukiwa kofia iliyosahauliwa juu ya jiwe wakati wa mechi.

Januari kipa wetu alihamishiwa shule ya bweni ya Kiislamu mkoa mwingine. Wazazi wake walifikiri sana na nadhani wamefanya vema, mtoto ana akili. Kapteni hakusema kitu siku mbili, kisha akaanza kutafuta kipa. Wiki iliyopita alinionyesha aliyempata: mrefu, mikono mirefu, kutoka vyumba vya chini karibu na bomba. Msabato. Nikamuuliza, na Jumamosi je?

"Jumamosi hatuchezagi mechi, baba," akaniambia, akaenda kulipima goli kwa hatua.